Mpaka Injini Ipoe

Mlio ulimkuta bafuni, mswaki mdomoni. Tik-tik-tik-tik, mwembamba, wa haraka, kama mtu anayegonga kucha kwenye kikombe cha bati. Dada Mkubwa akaacha kusugua. Akatema povu, akavaa ndala zisizofanana, akatoka mbio na taulo begani. Alipofika uani injini ilikuwa imeshapata moto, inanguruma vizuri kabisa, mlio hakuna. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya boneti mikono kiunoni, anatabasamu kama bwana harusi.

Huyu mdogo wake anaitwa Pancha, na jina alilipata kihalali: utotoni hakuna mpira wala gurudumu la baiskeli lililopita mikononi mwake likabaki na upepo. Sasa ni mtu mzima, ana mke, ana kitambi kinachoanza kujitambulisha, na ana gari dogo jeupe la milango miwili ambalo kesho yake lilikuwa linakwenda kwenye mashindano ya mlima. Mashindano yale si ya kuzunguka uwanja. Magari yanaachiwa moja moja, yanapanda mlima upande huu, yanateremka upande wa pili, kona juu ya kona, saa inahesabu. Kupanda ni kazi ya injini. Kuteremka ni kazi ya breki, na dua za waliobaki nyumbani.

Dada Mkubwa, ambaye nyumbani wote humwita hivyo, mpaka shangazi zake waliomzidi umri, ni fundi wa mabomba ya moshi. Anachojulikana nacho zaidi ni heda, yale mabomba manne yanayotoka kwenye injini, kila silinda na lake, yakapindana mpaka yakaungana kuwa bomba moja la kwenda nyuma. Heda ya gari la Pancha aliichomelea mwenyewe. Ila bandeji hakuifunga yeye. Bandeji aliifunga Mjomba.

Heda ya gari la kasi si kitu cha kuchezea. Ukilikamua gari kwenye mlima chuma kinaiva mpaka kinakuwa chekundu, na joto lake linatafuta pa kwenda: linayeyusha nyaya za plagi, linachemsha petroli, linapasha hewa inayoingia kwenye injini mpaka nguvu zinapungua. Zamani Pancha alikuwa akirudi kutoka kwenye majaribio soli ya kiatu cha kulia inanata kama peremende iliyokaa mfukoni. Ndiyo maana heda hufungwa utepe wa nyuzi zisizoungua. Unalowekwa majini uwe mlaini, unazungushiwa bomba zima kama mguu uliovunjika, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya mwenzake, halafu unabanwa kwa vibanio vya chuma. Joto linabaki ndani, moshi unatoka mbio, chini ya boneti kunapumua. Pale uani wote huuita bandeji, na Mjomba ndiye bingwa wake. Ndiye aliyemfundisha Dada Mkubwa kazi, na ndiye aliyeweka sheria kwamba bandeji ya fundi haikatwi na mwingine. Aliyefunga ndiye anayefungua. Ukikata bandeji ya mtu umemtangazia mbele za watu kwamba hajui kazi.

Lakini bandeji inafunika. Na ule mlio wa asubuhi Dada Mkubwa aliujua kama anavyojua kikohozi cha mama yake. Heda ikipata ufa, ikiwa baridi inagonga, maana moshi unachomoka pale penye ufa. Ikipata joto chuma kinatanuka, ufa unajifumba, kimya. Utaapa gari ni zima. Ukija kulikamua kwa nguvu zote, ufa unaachama, na kinachotoka pale ni ulimi wa moto. Bomba la tatu la heda hii lilipita karibu kabisa na kibomba cha breki. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama kama umekanyaga mto wa kulalia. Na Pancha, wakati huo, angekuwa ndiyo kwanza amevuka kilele.

"Zima," alimwambia.

"Nini tena, Dada?"

"Zima, liache lipoe. Lipoe kabisa, kama lililala nje. Nataka kulisikia likiwaka baridi."

Pancha akacheka. Akasema hizo ni tapeti tu, vile vyuma vidogo vya kusukuma valvu, injini ya umri ule lazima igonge kidogo asubuhi, hata yeye Dada akiamka magoti yake yanalia na hakuna aliyemfungua boneti. Lakini akazima. Kumbishia Dada Mkubwa kabla hajanywa chai ni ushujaa ambao hata Pancha hana.

Sasa ngoja nikwambie nyumba ile ilivyo, ndipo utaelewa shida. Gereji na nyumba vinakula uwanja mmoja. Ukitoka barabarani unapita kwanza kwenye mlango wa mabati, kisha unapenya kati ya mashine ya upepo na gari lililo kwenye jeki, unainama chini ya kamba ya nguo, ndipo unafika sebuleni. Hakuna njia nyingine. Kwa hiyo hakuna mgeni anayeingia bila kuona kila spana, kila chupi iliyoanikwa na kila ugomvi. Na siku ile, ya kuamkia mashindano, wageni walikuwa wanamiminika. Kinyozi wa mtaa wa pili alifunga duka. Mabinamu walikuja na wake zao. Shangazi, yule ambaye habari ikimfikia asubuhi mchana unaisikia kwa watu usiowajua, alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu anasema vya pale ndani vinamchoma mgongo. Vijana wenzake Pancha walikuja na simu mkononi tayari kurekodi.

Kila anayeingia alitaka kitu kimoja. Hebu liwashe tulisikie.

Pancha hawezi kumnyima mtu kitu cha namna hiyo, ndiyo tabia yake. Dada Mkubwa alikuwa ametoka tu kunawa uso aliposikia injini ikinguruma. Akarudi mbio, mlio wa kugonga hakuna, maana injini ilikuwa bado ina joto la mwanzo. Akamkumbusha Pancha. Pancha akasema samahani, alisahau, ni kinyozi huyu. Akazima. Dada Mkubwa akainua boneti, akasogeza mgongo wa mkono karibu na heda. Bado moto. Akaingia jikoni, akamimina chai, akaiacha mezani, akarudi. Bado. Akachukua ufagio akafagia mahali palipofagiliwa. Akapanga spana kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga tena. Akaja tena na mgongo wa mkono. Ilikuwa inaanza kushuka, afadhali kidogo, ndipo mabinamu wakafika, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni ambaye, eti, anapenda sauti za magari. Likawashwa.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Chuma kikikaribia kupoa, mgeni huyo. Mtu akikuona huwezi kukaa kwa sababu ya kitu ambacho yeye hakisikii, anakuona una wazimu mdogo. Wageni wakaanza kutazamana. Shangazi akauliza kwa sauti ambayo yeye huiita ya chini kama kuna mtu amemwudhi binti yule, au ndiyo mambo ya kukaa bila mume.

Aliyemfuata ni Wifi, mke wa Pancha. Hawa wawili, tangu siku ya kwanza, huwa wanapigana vijembe kwa mapenzi; siku wakiongea kwa adabu ujue kuna msiba.

"Wifi," akamwambia, "unazunguka gari la mume wangu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga basi tupumzike."

Dada Mkubwa hakucheka. Akamvuta nyuma ya mashine ya upepo, akamweleza, ufa, moto, kibomba cha breki, mteremko. Alimweleza kwa kifupi na mikono yake ilikuwa inafanya kazi kuliko mdomo. Wifi alisikiliza huku anatafuna kijiti cha meno. Akamaliza kutafuna.

"Breki za mbele au zote?"

"Zote. Kibomba kikubwa kile."

Wifi akatazama uani, mume wake akimwonyesha mtu usukani mpya, anaeleza kwa mikono yote miwili. Akasema tu kwamba anakwenda kuchungulia maharage, akaondoka. Haikupita muda funguo ya gari ikapotea.

Funguo ile ilitafutwa na ukoo mzima. Walitazama chini ya viti, ndani ya viatu, kwenye mifuko ya suruali zilizoanikwa bado zinadondosha maji. Kinyozi alitikisa sufuria ya chai. Mtoto yule anayependa magari alipekuliwa mdomo. Shangazi alikumbuka kwa kirefu pete ya marehemu jirani iliyopatikana ndani ya unga, kwa hiyo na unga nao ukachekechwa. Wifi alitafuta kuliko wote, analalamika kwamba katika nyumba ile hakuna kitu kinachokaa mahali pake, na kila alipopita mbele ya Dada Mkubwa alijipiga kifuani mara moja, polepole, kama mtu mwenye kiungulia.

Injini ikaanza kupoa.

Mjomba alifika katikati ya msako. Yeye ndiye mgeni wa heshima. Hakuna gari lililowahi kwenda mlimani kutoka uani pale bila bandeji yake. Ni mtu mfupi, mikono mikubwa, shati limenyooshwa, na akiingia mahali kicheko kinakuwa kimeshamtangulia. Aliambiwa kuhusu funguo, akasema huenda gari limeimeza kwa njaa. Akakalishwa, akapewa chai, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaanza kile kisa chake ambacho kila mtu anakijua na kila mtu anakitaka tena: cha mteja aliyefungiwa bandeji mpya, akawasha gari, akaona moshi unafuka chini ya boneti, akaruka kupitia dirishani na kukimbia mpaka kituo cha polisi akiwa na kiatu kimoja, kumbe bandeji mpya yoyote inafuka ikipata joto mara ya kwanza, ni maji yale iliyolowekwa na gundi yake inaungua, haina neno. Watu walivunjika mbavu. Kinyozi aliigiza mkimbio wenyewe.

Dada Mkubwa alisubiri wamalize. Alichuchumaa kando ya kiti cha Mjomba, heshima zote, akamwambia amesikia heda inagonga ikiwa baridi, akamwomba aifungue bandeji, walau bomba la tatu, watazame.

Mjomba alimpapasa kichwa. Akasema ni tapeti. Akasema kama angekuwa anafungua bandeji kila mtu anaposikia mlio, angekuwa bado anafungua za mwaka aliozaliwa mama yao. Dada Mkubwa akarudia ombi. Mjomba akapunguza sauti, uso ukabaki unatabasamu kwa ajili ya watu.

"Nikiifungua leo, mbele ya hawa wote, kesho watasema nini? Kwamba Mjomba amezeeka, hajui tena anachofunga. Hapana, mama. Liache liende."

Na wale waliokuwa karibu walikuwa wameshasikia, maana pale hakuna siri. Mmoja wa vijana wenye simu akauliza kama Dada Mkubwa naye amejiandaa kuruka dirishani. Kicheko kikazunguka uani. Pancha alicheka pia, halafu akamtazama dada yake, akaacha kucheka kabla ya wengine.

Dada Mkubwa alikwenda kusimama kwenye mlango wa mabati, akatazama barabarani bila kuona kitu. Alirudi. Mgongo wa mkono: vuguvugu. Alikwenda kuosha vikombe visivyokuwa vichafu. Mgongo wa mkono: vuguvugu kidogo. Alikaa, akasimama. Wali ukapakuliwa, sahani yake ikashikwa na kuwekwa, ikashikwa na kuwekwa. Wageni walipokuwa wanajipepea baada ya kula, wamelegea, funguo imesahaulika kidogo, akagusa heda kwa kiganja kizima na kukiacha pale. Baridi. Akamtazama Wifi.

Wifi alisimama mbele ya watu wote, akatumbukiza mkono kifuani, akatoa funguo.

"Ilikuwa hapo?" Pancha akauliza.

"Mahali unapopajua, hukutazama."

Shangazi alikohoa chai yake yote. Na katika vurugu ile ya vicheko Wifi akaingia garini, akaketi kwenye usukani, akamsubiri wifi yake. Dada Mkubwa alikuwa ameshachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mkononi kama daktari. Akaitikia kwa kichwa. Wifi akawasha.

Tik-tik-tik-tik.

Alipeleka mpira kwenye bomba la kwanza: mbali. La pili: karibu. La tatu, chini kidogo ya mpindo, mlio ukamwingia sikioni mpaka jicho likajifumba lenyewe. Hapo hapo. Alimwita Mjomba kwa mkono, haraka, haraka, Mjomba akanyanyuka kwenye kiti, akaweka kikombe chini, akatafuta ndala yake moja, akaja akifuta midomo. Pancha naye akaja. Dada Mkubwa akamkabidhi Mjomba mpira na kumwonyesha mahali.

Mjomba aliinama, akasikiliza. Akasikiliza tena.

Chuma kilikuwa kimeshatanuka.

"Hamna kitu," Mjomba akasema, na hakuwa anadanganya. Akampa Pancha mpira. Pancha akasikiliza, akainua mabega. Dada Mkubwa akaunyakua, akausogeza sikioni. Injini ilinguruma safi, tamu, kama gari jipya. Kijana mwenye simu alikuwa anarekodi.

Alijua kwamba akiomba lipoe tena, jioni itamkuta, na Pancha huondoka alfajiri. Alijua pia kwamba hakuna mtu pale atakayezuia mgeni mwingine asiombe kusikia sauti. Alimwambia Wifi azime. Akaenda kwenye meza ya kazi, akarudi amevaa glavu, mkononi kisu kifupi cha kukatia mipira. Mjomba alipoona kisu alimwita jina lake, lile la kweli, ambalo huitwa akiwa amekosea, akanyoosha mkono.

Akakata.

Kisu kilipita kando ya kibanio cha kwanza, kikashuka na bandeji, mpindo kwa mpindo. Hata Shangazi aliacha kuongea, na hilo lenyewe lilikuwa jambo la kuandikwa ukutani. Dada Mkubwa akashika ncha, akavuta, bandeji ikajikunjua na kuanguka sakafuni pamoja na vumbi la kahawia. Alitegemea kuona chuma. Hakuona chuma. Chini ya bandeji kulikuwa na bandeji nyingine.

Akageuka kumtazama Mjomba. Mjomba alikuwa anatazama bomba.

Akakata na ile ya pili. Hii ilitoka kwa shida, imeshikana, na ilipotoka ilitoka na chuma. Magamba ya kijivu, membamba, yakadondoka kwenye kiganja chake, mengine yakapeperuka. Bomba alilolichomelea likiwa linang'aa lilikuwa na sura ya gome la mti. Chini kidogo ya mpindo kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole cha mtoto, na pembezoni mwake weusi wa masizi ulionyooka, kama mshale, kuelekea kwenye kibomba cha breki.

"Chomelea," Pancha akasema. "Dada, ni ufa mdogo. Chomelea, ufunge, twende."

Dada Mkubwa alichukua spana, wakafungua heda pamoja, yeye kwa juu, Pancha kwa chini, wakaiweka kwenye meza ya kazi. Akavaa miwani yake ya kuchomelea, akawaambia watu wageuze macho, akagusisha. Cheche ya kwanza iliufumba ufa. Ya pili ikatoboa kando yake. Alijaza tundu, tundu likatanuka. Alihamia pembeni kwenye chuma kizima, na chuma kizima kikanyauka kama karatasi. Alipozima mashine na bomba likapoa, palipokuwa na ufa palikuwa na shimo ambamo Mjomba alichomeka kidole gumba, polepole, kikaingia mpaka kwenye kiungo.

Hapo ndipo wageni walipoanza kukumbuka nyumba zao. Kinyozi alisema ana mtu wa kunyoa. Mabinamu wakamfunga mtoto mgongoni. Kijana aliyekuwa anarekodi aliweka simu mfukoni, akaaga kwa kupunga mkono tu. Wote walilazimika kupita pale pale, kati ya mashine ya upepo na gari, karibu na Mjomba aliyesimama na kidole chake kwenye bomba, na kila aliyepita alitafuta cha kutazama juu ya kamba ya nguo. Shangazi peke yake ndiye aliyebaki, kiti ni chake.

Mjomba alitoa kidole, akakitazama, akakifuta kwenye shati lake lililonyooshwa. Aliomba kisu. Dada Mkubwa akampa. Akakata bandeji za mabomba mengine mwenyewe, la kwanza, la pili, la nne, na kila moja lilikuwa na tabaka mbili, na chini ya kila moja magamba yakamwagika mezani. Alikuwa anakata taratibu, kwa ustadi ule ule wa kufunga.

"Wengine wote nawafunga mara moja," alisema, bila kumwambia mtu hasa. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Nikasema, huyu nimfunge mara mbili."

Jibu lake lilikuwa pale mezani. Bandeji moja inabakiza joto kiasi, jingine linatoka. Mbili hazikuacha litoke kabisa. Mlima baada ya mlima, chuma kilikuwa kinaiva ndani ya blanketi mbili, hakina pa kupumulia, mpaka kikapikika. Dada Mkubwa alisogea akasimama karibu naye, bega kwa bega, akaanza kukusanya magamba kwa upande wa kiganja. Mjomba akamwachia nafasi mezani.

"Bomba la tatu," akasema. "Ulisema la tatu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa mpira ule tu wa maji."

"Wewe ndiye uliyenifundisha mpira."

Akaguna. Inawezekana kilikuwa kicheko.

Pancha wakati huo hakuwa pamoja nao. Alipoona shimo lile alirusha spana kwenye ndoo, akatoka mpaka kwenye mlango wa mabati, akapiga teke gurudumu bovu lisilo na kosa, akarudi. Akaanza kusema kwamba kuna mtu ng'ambo ya soko ana heda kama ile, labda ataazima. Akajijibu mwenyewe kwamba yule gari lake ni jingine. Akasema labda aende hivyo hivyo, heda wazi, aendeshe polepole. Wifi akamwuliza mtu anakwenda kwenye mashindano ya kasi kuendesha polepole kwa faida ya nani. Pancha akamwambia yeye ndiye aliyeficha funguo na asimsemeshe. Wifi akasema sawa, hamsemeshi, na akaendelea kumsemesha. Mwishowe Pancha akachukua tochi, akajilaza kwenye ubao wenye magurudumu, akajisukuma chini ya gari ili, alisema, ajionee mwenyewe hiyo breki inayosemwa.

Akakaa huko. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana, na mwanzoni ilikuwa inachezacheza, kama miguu ya mtu aliyekasirika. Mwanga wa tochi ulikwenda mbele na nyuma, ukarudi, ukatulia mahali pamoja. Miguu nayo ikatulia. Wifi alichuchumaa, akainamisha kichwa akatazama anachokitazama mumewe: kile kibanio cha plastiki kinachoshikilia kibomba cha breki kilikuwa kimeyeyuka na kudondoka kama nta ya mshumaa, na kibomba chenyewe, kwa urefu wa kiganja, kilikuwa kimebadilika rangi, buluu na zambarau. Hiyo ilikuwa kazi ya majaribio tu, ya kwenda na kurudi. Wifi aliweka mkono kwenye kifundo cha mguu wa mumewe, akauacha pale.

Pancha alipojisukuma nje alikuwa na vumbi usoni na hakulifuta. Hakumtazama dada yake. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, akatoa simu na kumpigia msimamizi wa mashindano, mtu ambaye sauti yake haihitaji spika. Wote walimsikia akiuliza kwa furaha kama simba yuko tayari.

"Siji," Pancha akasema.

Msimamizi akauliza kuna nini, gari limekufa? Pancha akalitazama gari lake jeupe, boneti wazi, matundu manne matupu ubavuni mwa injini.

"Dada Mkubwa kakataa."

Kicheko kilichotoka kwenye simu kilijaza ua. Kikaendelea. Kulikuwa na watu wengine huko upande wa pili, na msimamizi alikuwa anawarudishia, eti dada yake kakataa, nao wakapokea. Mjomba aliacha kukata. Shangazi alisogeza kiti mbele kidogo. Pancha alisubiri, simu sikioni, mkono mwingine juu ya ule wa mke wake, mpaka kikaanza kupungua.

"Ukimaliza kucheka," akasema, "futa jina."

Akakata simu. Kwenye meza ya kazi Dada Mkubwa alikuwa ameshavuta bomba jipya kutoka kwenye rundo, ameliegemeza begani, anatafuta kwa jicho moja mahali pa kuanzia kukata.